Naomba ushauri: shilingi za Afrika Mashariki zenye H na KN

Habari zenu wakuu. Babu ameniachia kopo la shilingi za Afrika Mashariki, zile za Mfalme George wa Sita zenye simba na milima nyuma yake. Nyingi ni za 1949, 1950 na 1952, yaani za shaba na nikeli, si zile za zamani zenye fedha ndani. Kwa lenzi nimeona baadhi zina H, alama ya kiwanda cha sarafu cha Heaton cha Birmingham, nyingine KN ya kiwanda cha King's Norton, nyingine hazina herufi kabisa.

Moja ya 1952 KN inaniumiza kichwa: manyoya ya shingoni mwa simba yamelika, lakini upande wa mfalme bado unang'aa. Daraja lake, yaani kiwango cha ubora wake, nipime kwa upande upi? Na utando wa kijivu ulio juu yake niuache? Mjomba anataka tuzisugue kwa ndimu na majivu, nimemwomba asubiri kwanza.