Kusomea umbo la RNA kuna maisha kweli?

Mpenda_Fuwele: Wakuu habari zenu, namalizia masta ya baiokemia, wenzangu wote wanakimbilia protini ila mi nimevutwa na RNA, yule ndugu wa DNA mwenye uzi mmoja, ile inavyojikunja ikapata umbo na kufanya kazi ndani ya seli. Profesa mmoja kaniambia nitasota, eti fuwele zake za kupigia eksrei ili uone umbo hazikui. Kuna mtu katoboa kwa njia hii kweli?

Babu_Ribosomu: Jennifer Doudna humjui? Watu wanamjua kwa CRISPR tu, ile mbinu ya kuhariri jeni, ila kabla ya hapo miaka kibao alikuwa mtu wa maumbo ya RNA. PhD kamaliza Harvard 1989 kwa Jack Szostak, mwaka huohuo Thomas Cech na Sidney Altman wakapewa Nobel kwa kuonyesha RNA inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya yenyewe, bila protini, basi akamfuata huyohuyo Cech kule Colorado akitaka kujua hiyo RNA imekaaje. 1994 akaenda Yale na umbo likatoka 1996, kipande cha nyukleotidi (vijenzi vya RNA) 160, mara mbili na zaidi ya tRNA, ile RNA ndogo inayobeba amino asidi.

dada_wa_maabara: Profesa wako hajakudanganya lakini. RNA ina chaji hasi mwili mzima, inajisukuma yenyewe, bila magnesiamu haikunjiki vizuri. Vimeng'enya vya kuikatakata viko hadi kwenye vidole vyako, ukigusa simu na glavu hizo tupa vaa zingine. Na ukipata fuwele bado unahitaji metali nzito ndo data ya eksrei isomeke, wale wa 1996 walitumia osmiamu yenye amonia sita pembeni maana inakaa palepale magnesiamu na maji yake inapokaa. Ujanja ule naupenda kuliko hata CRISPR.

Mpenda_Fuwele: Asante dada. Sasa CRISPR alifikaje, si fani nyingine kabisa?

Babu_Ribosomu: Wala hakuhama fani. Alienda Berkeley 2002, 2006 maabara yake ikatoa umbo la Dicer, ile inayokata RNA ndefu kuwa vipande vifupi vya kuzima jeni, na CRISPR ya bakteria, yaani kinga yao dhidi ya virusi, nayo inaongozwa na RNA. 2012 yeye na Emmanuelle Charpentier wakaonyesha Cas9, kimeng'enya cha CRISPR, unaielekeza kwa RNA ikakate DNA pale unapotaka, Nobel 2020.

dada_wa_maabara: Siku hizi kuna darubini ya elektroni ya sampuli zilizogandishwa, fuwele si lazima, japo RNA ndogo inayochezacheza bado inasumbua. Kabla hujasaini popote muulize msimamizi kama maabara yake inapata zamu kwenye hiyo mashine.