Hivi Kashima Antlers ni timu ya namna gani? Mji mdogo vile imefikaje kumtoa jasho Real Madrid

kipa_wa_mtaa

Wadau salama? Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu Desemba 2016 na sijapata mtu wa kunijibu vizuri. Ilikuwa Jumapili mchana, tumejazana kibanda umiza juu ya yale mabenchi ya mbao yanayoyumba ukisogea kidogo tu, tumeenda kumuona Onyango wa Uganda yuko golini kwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, klabu bingwa ya dunia kule Japani. Kipindi cha kwanza Sundowns walishambulia mpaka watu wakaanza kupongezana kabla ya goli lenyewe, kipa wa wale Wajapani, Sogahata, anatoa tu mipira, afu kipindi cha pili Endo akafunga na dakika za mwisho Kanazaki akamalizia, 2-0, kibanda kizima kimya unasikia feni tu. Tukasema hawa nao mbele watapigwa. Wiki moja baadaye wako fainali na Real Madrid na wanaongoza 2-1!!

Toka siku ile nawafuatilia hawa jamaa wa jezi nyekundu. Juzi nikafungua ramani, kumbe Kashima ni kamji ka pembeni huko baharini, watu wake hawafiki hata laki moja, na ndiyo timu yenye makombe mengi ya ligi tangu J.League, ligi ya kulipwa ya Japani, ianze, inazizidi timu zote za Tokyo na Osaka. Imekuwaje? Mwenye historia yake ya tangu mwanzo atusaidie, sio orodha ya makombe tu.

MzeeWaChuma

Mkuu nashukuru umeuliza ya mwanzo maana wengi wakisimulia wanaanzia kwa Zico, yule nyota wa Brazil. Timu ilizaliwa 1947 na wala sio Kashima, ilikuwa Osaka, timu ya wafanyakazi wa kampuni ya chuma ya Sumitomo Metal. Timu ya kiwanda kama tunavyozijua, mtu anashinda kazini, jioni ndo anavaa njumu. Kashima wakati ule ni pwani ya mchanga, wakulima na wavuvi, mpaka miaka ya 1960 ilipochimbwa bandari pale na kujengwa eneo la viwanda, kampuni ikaweka kiwanda kikubwa cha chuma, na 1975 timu nayo ikahamishiwa huko.

Sasa hali ilikuwa hivi, kazi ipo, mshahara upo, ila kijana akitoka shifti hana pa kwenda. Walioletwa kutoka mikoa mingine wanakaa kidogo wanaondoka, nani atakaa sehemu ambayo jioni ni moshi wa kiwanda na mawimbi tu? Kwa hiyo habari za ligi ya kulipwa zilipoanza kuvuma, kampuni na mkoa wa Ibaraki na miji ya pale wakaona hii ndo njia ya kuupa mji uhai. Shida ni kwamba timu ilikuwa daraja la pili!! Wakaenda hivyo hivyo kuomba nafasi, na Kawabuchi Saburo aliyekuwa anaiunda hiyo J.League akawaambia kwa asilimia 99.9999 haiwezekani. Mtu mwingine hapo anaaga anaondoka. Wao wakamuuliza hiyo 0.0001 iliyobaki ni nini, tuambie. Akawaambia labda mjenge uwanja wa soka peke yake, watu 15,000, wenye paa juu ya viti. Japani kipindi hicho hakukuwa na uwanja kama huo, na yeye aliamini kabisa hilo sharti litawarudisha nyumbani. Wakasema sawa, tunajenga. Mkoa ukakubali kubeba mzigo, uwanja ukasimama, na 1993 ligi inaanza na timu 10 wao wamo.

Ndo maana mtu akiniambia Kashima walibebwa na bahati huwa naumia, hakuna aliyewapa kitu pale, waliambiwa hapana wakaigeuza ikawa ndiyo.

Kuhusu jina, Kashima kwa maandishi yao ya zamani ni kisiwa cha kulungu, na pale mjini kuna hekalu la kale, Kashima Jingu, ambalo kulungu ndo wanyama wake, ndo ikatoka Antlers, pembe za kulungu. Mpaka leo timu inaenda pale mwanzo wa msimu kuombea ushindi.

dada_wa_kona

Baba umemaliza, ila ya Zico usiyaruke maana utamu upo hapo. Huyu mtu kashatundika daluga, kawa mkubwa wa michezo serikalini kwao Brazil, afu 1991 akiwa na miaka 38 anakubali kwenda kucheza daraja la pili Japani kwenye timu ya kiwanda! Na hakwenda kupumzika, alifunga magoli kama kijana na alikuwa mkali kwa wenzake kuhusu kila kitu, mazoezi, chakula, namna ya kujiandaa na mechi, maana aliwakuta watu wenye moyo mzuri ila wanacheza kama wafanyakazi waliotoka kazini, na kweli ndivyo walivyokuwa.

Afu 16 Mei 1993, mechi yao ya kwanza kabisa ya J.League, nyumbani kwenye uwanja ule ule mpya, wanaletewa Nagoya Grampus Eight, timu yenye Toyota nyuma yake na Gary Lineker mbele, mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1986. Watu wote wameenda kumwangalia Lineker. Ikaisha 5-0 Kashima, Zico na miaka yake 40 kafunga matatu, Alcindo mawili. Naipenda hii mechi jamani, kila nikiirudia najisikia kama nipo pale. Wakaendelea hivyo hivyo mpaka wakachukua nusu ya kwanza ya msimu, timu ambayo mwaka mmoja nyuma hakuna aliyeihesabu.

Januari 1994 kwenye fainali ya ubingwa, washindi wa nusu mbili za msimu wakikutana, wakafungwa na Verdy Kawasaki, na pale Zico alikosea, penalti ya Kazu Miura, mshambuliaji wa Verdy, ilimkera akautemea mate mpira akala nyekundu. Nasema tu kwa haki maana nampenda sana lakini lile halikuwa jambo zuri. Alichoacha lakini ni kikubwa kuliko siku ile. Kuna maneno matatu klabu inayashika mpaka leo kutoka kwake, kujitoa, uaminifu, heshima. Wakaja na Wabrazil wengine waliotoka kuchukua Kombe la Dunia 1994, Leonardo na Jorginho, ubingwa wa kwanza ukapatikana 1996, na msimu wa 2000 chini ya Toninho Cerezo wakachukua ligi, kombe la ligi na Kombe la Mfalme, timu ya kwanza Japani kubeba yote matatu msimu mmoja.

Kijiwe_Cha_Jioni

Nawaheshimu sana ila mnaisahau hela. Kampuni ya chuma, mkoa unajenga uwanja, unamleta Zico... timu yoyote ukiipa hivyo si itashinda tu? Mimi naona hela kwanza hayo mengine yanafuata.

MzeeWaChuma

Kaka hela zilikuwepo, sikatai. Lakini angalia wenzao walioanza nao. Nagoya wana Toyota, ligi wamechukua mara moja tu, 2010. Verdy walikuwa ndo matajiri na mastaa wa nchi nzima, wakabeba 1993 na 1994, baadaye wakashuka, na kuanzia 2009 mpaka 2023 walikuwa daraja la pili miaka yote hiyo. Kwenye zile timu 10 za mwanzo ambazo hazijawahi kushuka daraja zipo mbili tu, Yokohama F. Marinos na hawa wa kamji ka chuma. Hela inanunua mchezaji, haikai miaka 30 kwenye timu ikimfundisha anayekuja namna ya kuishi pale. Walichukua vijana wa sekondari 1998, kina Ogasawara, Motoyama, Nakata Koji, huyo huyo Sogahata aliyekunyima raha kibandani, wakakua pamoja. Sogahata miaka yote ya kucheza kwake ni Kashima tu.

Na hebu sikia ya 2007. Kashima wameanza vibaya, Urawa wako mbele kwa mbali, mashabiki wao washaanza kuagiza sherehe. Kashima wakashinda mechi tisa za mwisho mfululizo, tisa! Siku ya mwisho wao wanamfunga Shimizu 3-0 na Urawa anacheza na Yokohama FC ambayo ilishashuka zamani, anahitaji kushinda tu. Akafungwa 1-0. Unajua nani alipiga krosi ya lile goli? Kazu Miura, yule yule wa penalti ya 1994, sasa ana miaka 40. Aliyewanyima ubingwa wa kwanza ndo akawasogezea huu. Wakaunganisha 2007, 2008, 2009, na mpaka leo hakuna mwingine Japani aliyechukua tatu mfululizo kwenye J.League.

2019 kampuni ya chuma iliuza hisa nyingi kwa Mercari, wale wa programu ya kuuziana vitu vilivyotumika kwenye simu, watu wakaogopa klabu itabadilika tabia. Ubingwa wa tisa 2025 umekuja na kocha Oniki Toru, na Oniki mwenyewe alianza maisha ya kulipwa hapo hapo Kashima mwaka ule ule wa 1993.

msafiri_ibaraki

Nimekaa mkoa huo kwa masomo niwape ya macho. Treni ina stesheni inaitwa Uwanja wa Soka wa Kashima na inasimama siku ya mechi tu, siku nyingine inapita moja kwa moja kama hakuna kitu. Ukishuka sanamu ya Zico ipo nje ya uwanja, watu wanapiga nayo picha, na wakati huo pua imeshakupeleka kwenye vibanda maana chakula cha pale ni supu ya utumbo! Masufuria makubwa yanachemka toka mapema, utumbo laini na vipande vya figili, unapewa kwenye bakuli la karatasi na vitunguu majani juu, upepo wa bahari unakupiga, unashika bakuli kwa mikono miwili kwanza upate joto ndo unakunywa. Foleni ni ndefu na hakuna anayelalamika. Ndugu zangu Waislamu muulize kwanza maana mara nyingi ni wa nguruwe.

Niliyekaa naye jirani alikuwa mzee mstaafu wa kiwandani, akanionyesha kwa kidole moshi unakotoka akasema nilifanya kazi pale, timu hii tuliitoa pale. Tetemeko la Machi 2011 lilipoharibu uwanja timu ikahamia Tokyo kwa muda, akasema alikuwa anapanda basi masaa mawili kuifuata na mwaka ule ule wakabeba kombe la ligi.

kipa_wa_mtaa

Dah asanteni sana, mzee wa kiwandani kanigusa. Swali la mwisho, ile fainali ya Madrid, tulibishana sana pale kibandani kuhusu refa.

dada_wa_kona

Refa alikuwa Janny Sikazwe wa Zambia. Madrid walitangulia kwa goli moja, Shibasaki wa Kashima kafunga mawili, la pili kawapita mabeki kwa mguu wa kushoto, Ronaldo akasawazisha kwa penalti, mwishoni Sergio Ramos mwenye njano tayari akafanya faulo, Sikazwe akaonekana anapeleka mkono mfukoni kisha akauacha. Dakika zile 30 za nyongeza Ronaldo akaongeza mawili, 4-2. Kashima wanalikumbuka mpaka kesho lile, na mimi pia. Ila walirudi, 2018 wakachukua ubingwa wa Asia mbele ya Persepolis ya Iran, 2-0 nyumbani na sare ugenini Tehran uwanja umejaa, na Zico mwaka huo alikuwa kesharudi klabuni. Shibasaki naye baada ya kuzunguka Hispania alirudi 2023, tafuta video ya goli lake la pili dhidi ya Madrid uitazame taratibu, mabeki wanne wako mbele yake na hakuna aliyemgusa.