Ukoo wa Mzee Omari: Meno Kabla ya Mionzi

Rehema, saa 1:12 asubuhi
Assalamu alaikum nyote. Baba Mkubwa anaanza mionzi ya saratani ya ulimi Jumatatu tarehe 24, vipindi 35, siku tano kwa wiki. Daktari anataka yale magego mawili yaliyooza yang'olewe kwanza, kwa kuwa taya lililopigwa mionzi mikali hupungukiwa na damu, na jino likitolewa baadaye mfupa unaweza kufa. Kidonda kinahitaji wiki mbili au zaidi kupona, na leo ni tarehe 3. Nani atampeleka kwa daktari wa meno Alhamisi?

Rehema, saa 4:40 asubuhi
Naona mmesoma, ila sioni jibu.

Shabani, saa 6:05 mchana
Wa alaikumu salaam. Baba Mkubwa akikosa pilipili wiki saba, nyumba nzima itahamia kwa majirani.

Mwanaidi, saa 6:09 mchana
Achari ya embe naomba niachiwe mimi.

Rehema, saa 6:15 mchana
Pilipili na achari zitaondoka kweli, maana utando wa mdomo huanza kuchubuka wiki ya pili au ya tatu na maumivu huzidi kadiri tiba inavyoendelea. Asitumie dawa ya kusukutua yenye spiriti. Atasukutua maji lita moja yenye kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti (baking soda), wala si magadi ya maharage. Narudia: Alhamisi ni nani?

Idd, saa 8:30 mchana
Dada Rehema, ile sampuli ya mate waliyoiomba hospitalini ni ya utafiti, na ana hiari ya kukataa. Wanalinganisha mate ya kabla ya tiba na ya wakati wa tiba, wakipima protini kama amilezi, inayotoka kwenye tezi za mate, na intalukini-6, ambayo hupanda mwili unapovimba na kuwaka kwa kuumia. Wanatafuta namna ya kujua mapema nani atapata vidonda vikali. Kipimo hicho bado hakijachukua nafasi ya daktari kumchungulia mdomo, kwa hiyo tusikitegemee.

Mwanaidi, saa 11:02 jioni
Alhamisi nitampeleka, lakini saa sita lazima niwe kazini. Mwaka ule wa mama zamu zote za usiku zilikuwa zangu, na mwenye gari alikuwa Bagamoyo akipima shamba.

Shabani, saa 11:10 jioni
Habari ya shamba tulikwisha imaliza.

Mwanaidi, saa 11:11 jioni
Mliimaliza nyinyi.

Shangazi Zuhura, saa 1:20 usiku
Wanangu, kaka yangu ndiye aliyewalipia ada nyinyi wawili. Mdomo uliowaombea dua miaka yote unakwenda kukauka, na huenda mate yasirudi kama zamani. Shamba lisitajwe tena humu.

Shabani, saa 2:48 usiku
Nimekusikia, Shangazi. Nisamehe.

Mwanaidi, saa 2:50 usiku
Nami pia, Shangazi.

Rehema, saa 3:00 usiku
Ahsante, Shangazi. Mwanaidi atampeleka asubuhi na kuulizia dawa ya meno yenye floraidi nyingi, kwa sababu meno yasiyo na mate huoza upesi. Shabani, utamrudisha nyumbani?

Shabani, saa 3:31 usiku
Gari liko kwa fundi. Nitathibitisha Jumatano jioni.

Rehema, saa 3:32 usiku
Jumatano mchana, tafadhali. Na zamu za wiki saba bado hazina mtu hata mmoja.