Tupeane uzoefu: Wazazi tuliosomesha madaktari, mlivukaje miaka ya kungoja ubingwa?

Mama, mwalimu mstaafu, Nakuru (mwanzilishi wa mada)

Wazazi wenzangu, ninaomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo mimi sikupata wa kunieleza mapema. Binti yangu alimaliza udaktari baada ya miaka 6 ya chuo kikuu, akatumikia uanagenzi wa mwaka mmoja hospitalini, akapata leseni, na sasa huu ni mwaka wa pili tangu aanze kuomba nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Kwetu Njoro anaitwa daktari tangu siku ile KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ilipompangia kozi hiyo. Jamaa humpigia simu usiku wakimsomea majina ya dawa, na kadi za harambee humfikia yeye kwanza, ilhali kuna miezi ambayo mshahara wake wa mkataba hukawia na nauli humtumia mimi kwa M-Pesa kutoka kwenye pensheni.

Karo ya miaka 6 nilikuwa nimeihesabu. Ambalo sikulihesabu ni kwamba shahada hiyo ya kwanza humfanya mtu daktari wa kawaida tu, na kwamba ili awe daktari bingwa hana budi kurudi masomoni kwa miaka mingine mitatu, minne, hata mitano, tena kwa nafasi chache zinazogombewa na wengi. Asiye na mwajiri wa kumpa ruhusa ya masomo yenye mshahara hufanya kazi wadini usiku na mchana kama wenzake, na karo akailipa mwenyewe. Hilo nililielewa siku binti yangu aliponiandikia hesabu nyuma ya bahasha, nami nikaona kwamba hata akiitwa kesho hatujui atakula nini.

Kosa langu ni hili: kila Jumapili, kabla hajaketi, nilimwuliza, “Wamejibu?” Akaanza kuja mara moja kwa mwezi. Siku moja nilikuwa nikimfulia koti lake jeupe, nikakuta mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, ina nambari za vitanda na dawa za kila mtoto kwa mwandiko mdogo sana, na mstari wa kitanda cha 9 umekatwa kwa kalamu. Nikamwuliza kama mtoto huyo alipona akaruhusiwa kwenda nyumbani. Hakujibu, alitoka akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Tangu hapo sijamwuliza habari za barua.

Ninyi mlivukaje? Mlisaidia kwa lipi, na lipi mnaona ingekuwa heri msingelifanya?

Baba, muuza samaki, Kisumu

Mama, ahsante kwa kuifungua mada hii. Kwangu mimi miaka migumu haikungoja ubingwa, ilianza kabla ya uanagenzi wenyewe. Mwanangu alihitimu, akakaa nyumbani akingoja kupangiwa kituo. Mtakumbuka mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza tarehe 14 Machi ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56 nzima, na kiini chake kikubwa kilikuwa hao wanagenzi: makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikasema itawalipa 70,000. Nchi nzima ilibishana juu ya viwango hivyo viwili, nasi nyumbani hatukuwa na hata kimojawapo.

Miezi ile alikuwa akinisaidia kupima omena kwa gorogoro. Asubuhi moja alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni, mtoto amelegea, kichwa kinayumba. Mwanangu aliweka gorogoro chini, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akaishusha kope ya chini ya mtoto akatazama ndani yake, kisha akatazama viganja. Akasema kwa sauti ya chini, “Mama, damu yake imepungua sana. Mpeleke Russia sasa hivi, usipitie nyumbani.” Kwa msiotoka huku, Russia ndilo jina tunaloiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Akampa nauli ya boda kutoka kwenye mkebe wa mauzo, akarudi kwenye omena. Hakuwa na leseni, kwa hiyo hapakuwa na zaidi aliloweza kulifanya kwa haki, nami niliona jinsi mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka alipokuwa akimpimia mteja aliyefuata.

Jambo moja ninaloamini nililifanya vyema ni kwamba nilimlipa ujira kila Jumamosi, kiasi kilekile ninachomlipa kijana mwingine yeyote wa kazi, ili mtu wa miaka 26 asilazimike kumwomba babake pesa ya kunyolea nywele.

Mama, Kakamega

Mimi nina neno fupi. Si kila ubingwa hupitia chuo kikuu. Binti yangu anasomea upasuaji wa jumla chini ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambapo mwanafunzi hufundishwa palepale hospitalini anapohudumu, kwa muda wa miaka 5, na mitihani yake husimamiwa na chuo hicho. Tenwek kule Bomet ni mojawapo ya hospitali zinazofunza kwa njia hiyo. Ushindani ni mkali vilevile, lakini wazazi wengi hawajawahi hata kuisikia.

Nakiri pia kwamba nilimpinga. Nilimwambia upasuaji utamla ujana wake na nikamtaka achague macho au ngozi. Kwa miezi minne alinipigia simu ili kuuliza hali ya babake tu. Sikuwa na haki ya kumchagulia, kwa sababu si mimi nitakayeamshwa saa tisa za usiku kwa miaka thelathini.

Baba, mkulima wa miwa, Bungoma

Wengi huniuliza kuhusu Marekani, basi nitaeleza tulivyopitia. Daktari aliyesomea nje ya nchi hiyo hufanya mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari kule. Wa kwanza, tangu Januari 2022, hautoi alama bali kufaulu au kuanguka tu, na kwa hiyo macho yote yamehamia kwenye wa pili, ambao bado una alama. Maombi hutumwa Septemba, mahojiano kwa kawaida hufanyika kwa video, kisha mwombaji huziorodhesha hospitali kwa kadiri anavyozipenda, nazo hospitali huwaorodhesha waombaji, na kompyuta ikawaoanisha. Mwaka 2024 na 2025, kati ya kila madaktari 10 waliosomea nje na wasio raia wa Marekani, waliopata nafasi hawakutimia 6. Wengi wao huingia tiba ya ndani, yaani magonjwa ya watu wazima yasiyo ya upasuaji, au tiba ya familia. Ngozi na upasuaji wa ubongo ni nadra sana kwa mgeni, na mzazi asimtume mtoto huko akiwa na ndoto hiyo pekee.

Jumatatu moja ya Machi huambiwa kama umepata, na Ijumaa yake huambiwa ni wapi. Mwaka wa kwanza, Jumatatu jioni, mwanangu aliniandikia neno moja: “Sikupata.” Nilikuwa nimeuza ng'ombe wawili na nilikuwa na mkopo wa sacco, na namshukuru Mungu kwamba sikuvitaja, wakati ule wala baadaye. Mwaka wa pili alipata. Ijumaa hiyo, saa moja jioni, mke wangu alizima taarifa ya habari, tukakaa tukiitazama simu mezani hadi ikalia.

Lakini ulizeni mapema kuhusu viza. Wengi huenda kwa ile ya J-1, ambayo huhitaji barua ya Wizara ya Afya ya hapa kwetu, na baada ya mafunzo humtaka daktari arudi nyumbani kwa miaka 2, isipokuwa asamehewe, kwa mfano kwa kukubali kuhudumu miaka 3 katika sehemu zenye uhaba wa madaktari kule. Mamake aliuliza swali moja tu katika simu ile, kwamba ni lini watamwona, na mtoto hakuwa na jibu.

Mama, mwalimu mstaafu, Nakuru

Ahsanteni sana. Baba wa Kisumu, pole, na mwambie kijana kwamba kuna mama Nakuru anayemwombea. Dada wa Kakamega, ningependa kujua kama magonjwa ya watoto nayo yana njia kama hiyo ya upasuaji, nami naomba unisaidie kumwuliza binti yako. Wangu yuko zamu usiku huu. Atafika saa mbili asubuhi, nitamwacha ale na alale, na tukiamka mchana nitamwonyesha mliyoandika.