Kodi ya miezi sita kwa mkupuo: ipigwe marufuku au iachwe?

Wakuu salaam. Tangu jana jamaa mmoja kakomaa kwamba serikali ipige marufuku kudai kodi ya miezi sita Dar, mtu alipe kwa mwezi basi. Wenye nyumba wenzangu wamemshukia kama mwewe. Mimi nina nyumba Tabata, niliinunua kuukuu, nikabadilisha bati, nikapiga taili na jipsamu, nikapata vyumba masta vitano. Naunga mkono marufuku.

Mwaka wa kwanza nilichukua miezi sita kwa wote watano, hela ikaingia kwa mpigo nikajiona tajiri, nikamlipa fundi nikanunua na tivii. Mwezi wa nne shimo la choo likajaa, lile ambalo muuzaji aliniapia "halijawahi kujaa tangu enzi za marehemu baba", maji yanarudi kwenye masta ya yule dada wa mbele, anantumia video saa kumi na moja alfajiri, na mimi hela ya gari la majitaka sina. Nikakopa, na wapangaji wote wameshalipa! Sasa wananilipa kwa simu kila tarehe 5, wawili wanasumbua ila kila mwezi kuna kitu cha shimo.

Najua mtasema mpangaji sugu hatoki. Kweli, sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa 2005, bei ni maelewano tu, lakini akigoma ni mjumbe, serikali ya mtaa, baraza la ardhi na nyumba, unazunguka mpaka soli inaisha. Wengine wanang'oa milango, mi hapana.

*Mwenye nyumba, Goba:* Mkuu wewe ulinunua nyumba iliyosimama. Sisi wa kujenga kidogokidogo, ile miezi sita ya chumba cha kwanza ndo imepiga plasta cha pili. Ondoa mkupuo uone nyumba ngapi huku zitaishia kwenye lenta, halafu vyumba vikipungua bei ipande mlalamike tena. Na mkikataza tutaiita dipoziti, mtafanyaje?

*Mpangaji, Sinza:* Dipoziti hurudishwa bro, usichanganye mambo. Piga hesabu, masta ya laki mbili, miezi sita ni milioni moja na laki mbili, dalali naye anataka mwezi mmoja wake, hapo sijabeba hata godoro. Nani anapokea mshahara wa miezi sita kwa mkupuo? Halafu nikinunua umeme wa LUKU nakatwa 1,500 kila mwezi ya kodi ya jengo, jengo lenyewe la kwenu.

Mimi tena. Wa Goba hoja yako ya lenta ina uzito, sina jibu zuri, labda nyumba ambayo haijaisha iachwe kwa maelewano na iliyokamilika ilipwe kwa mwezi, ingawa najua kuna watu wataacha ukuta mmoja bila rangi miaka kumi. Wa Sinza umenishika pabaya. Kwangu mita ni moja, umeme wananunua kwa zamu, na ile 1,500 tangu ipande 2023 kutoka 1,000 sijawahi kuuliza inamkuta nani. Nimeuliza kwenye grupu la wapangaji sasa hivi. Dada wa mbele kajibu wa kwanza: "Mimi. Miezi saba."