Mistari myeupe ya ndege, upepo na mvua: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Karibu kila grupu la WhatsApp nililomo inazunguka video moja: ndege iko juu kabisa, nyuma yake mistari myeupe, na sauti inasema tunapuliziwa sumu ili mvua ikatike. Wengine wanaiita kemtreli. Kubishana kwa video kumenichosha. Nawataka waliowahi kukaa chini ya ndege inayopulizia kweli, na waliotazama hiyo mistari kwa makini: upepo ulikuwaje, ilikuwa saa ngapi, na mvua ilikuja?

Naanza mimi, mstaafu wa hali ya hewa. Kazi yetu mojawapo ilikuwa kurusha puto lenye kipimo cha joto, unyevu na upepo. Chini kusi inavuma, minazi imeinama upande mmoja, lakini puto likishapanda linachukuliwa upande mwingine kabisa. Kwenye kilomita 10 hadi 12, zinakopita ndege za abiria, baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri na kuzidi. Mvuke wa injini unaganda pale pale kuwa chembe za barafu. Hewa ikiwa kavu mstari unafutika upesi, ikiwa na unyevu unabaki, na upepo wa huko juu unautandaza hadi unafanana na wingu. Haya, endeleeni.

Mkulima wa Mbarali
Mimi nimepuliziwa, na sihitaji video. Kweleakwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, walivamia mpunga ukiwa unajaza. Tuliamia tangu alfajiri, watoto kwa makopo na kombeo, wapi! Ndipo wataalamu wa kilimo wakaja kutafuta wanapolala, wakawakuta kwenye matete. Ndege haikuja mchana. Ilikuja jua likizama, ndege wote wakiwa wamerudi kulala. Ni kindege kidogo, kinapita chini kiasi cha kumwona rubani kichwa. Siku ya kwanza kiliahirishwa kwa sababu ya upepo. Mtaalamu alisema dawa ingeishia kwenye mashamba na maji ya watu. Kesho yake upepo ulitulia, kikapita na kurudi, kikapita na kurudi. Ikabaki harufu kama ya kitunguu saumu. Mstari angani? Hakuna hata mmoja, ule ukungu ulizama kwenye matete mara moja. Kijiji kilitangaziwa tusiokote ndege waliokufa, na bado kuna waliookota wakala. Kama ni sumu ya kuogopa, mimi naiogopa ile, maana ng'ombe wanakunywa mfereji huo huo.

Mfugaji, Isiolo
Huku kwetu ilikuwa nzige, 2020. Wazee walisema uvamizi kama ule Kenya haikuuona kwa miaka 70. Nzige husafiri na upepo, kwa hivyo tukiuliza upepo unaenda wapi, tunajua kesho watakuwa kwa nani. Usiku wanalala kwa miti, asubuhi wako baridi, hawawezi kupaa mpaka jua liwapashe. Hapo ndipo ndege ya dawa inakuja. Jua likikaza hewa ya moto inapanda na inabeba dawa juu, wanaacha mpaka jioni. Sisi tuliambiwa tuhamishe mbuzi. Shida ni kwamba taarifa wakati mwingine ilifika ndege ikiwa tayari juu ya kichwa.

Mzanzibari wa Muscat
Assalaam aleykum. Aprili 2024 mafuriko yalianza kwetu Oman tarehe 14, watu wakafa, wakiwemo watoto wa skuli. Tarehe 16 ikawa Dubai. Kila mtu akasema Imarati wamepanda mawingu yakawashinda. Kupanda mawingu kupo kweli, hawafichi: ndege inaingia kwenye wingu lililokwisha kuwepo na kufyatua chumvi ili linyeshe. Lakini dhoruba ile ilitabiriwa siku kadhaa kabla, ikafunika kuanzia Oman hadi Iran. Chumvi ya vindege vichache haileti wingu la ukubwa huo. Na idara yao ya hali ya hewa ilisema siku ile hawakurusha.

Arusha Macho
Mmelipwa nyote. Ndugu yangu yuko Ujerumani, anasema mistari ikijaa, siku inayofuata mvua. Hiyo ni bahati tu?

Niko Hamburg
Si bahati, kaka. Huku mvua nyingi huja na upepo wa magharibi, na unyevu wake unatangulia juu kabla mawingu mazito hayajafika. Ndege ikipita kwenye unyevu huo, mstari unakaa. Ni unyevu wa mvua inayokuja unaobakiza mistari, umegeuza kichwa na mkia.

Mleta mada
Naongeza kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwauliza wataalamu 77 wa kemia ya anga na udongo kama wamewahi kuona dalili za upuliziaji wa siri. 76 walisema hapana. Halafu fikiria upepo: vumbi laini likimwagwa kilomita 10 juu linachukua siku nyingi, hata wiki, kutua, na muda wote huo linasafiri. Anayetaka kumdhuru mtu wa Arusha angekuwa anamwaga nchi nyingine. Mwenzetu wa Mbarali ametueleza wanaopulizia wanavyoshuka chini. Hiyo haina maana mistari haina athari yoyote: ikitanda huzuia joto lisitoke, na wanasayansi wanaihesabu kwenye ongezeko la joto duniani.

Arusha Macho
Sawa. Leo asubuhi zimepita ndege mbili, anga lile lile. Moja imeacha mstari, ya pili hakuna kitu. Eleza hapo.

Mleta mada
Swali zuri. Huenda zilipishana kimo. Ndege hutenganishwa kwa mita 300 na zaidi, na unyevu umekaa kwa matabaka. Ya juu inaweza kuwa ndani ya tabaka na ya chini iko kwenye hewa kavu. Ule mstari uliobaki ulisogea upande gani, na moshi wa jikoni ulikuwa unaelekea wapi?

Arusha Macho
Mstari ulienda magharibi. Moshi sikuangalia. Kesho.