Mpagazi wa Kariakoo: tumhesabu askari au kibarua?

Wakuu, jana kwenye mjadala wa Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, mdau mmoja alisema wapagazi waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia (Carrier Corps, ndiyo asili ya jina Kariakoo) wasiitwe askari: hawakushika bunduki, na wengi walikamatwa kwa nguvu. Mimi napinga.

Kukamatwa ni kweli tupu. Mwaka 1917 upande wa Kenya machifu walidaiwa wanaume, na vijiji vikakombwa. Lakini Waingereza walianza kuwalazimisha vijana wao wenyewe kwenda vitani mwaka 1916, na sijasikia aliyenyimwa jiwe la kaburi kwa sababu hakwenda kwa hiari.

Bunduki je? Mpishi na dereva wa JWTZ ni wanajeshi, hakuna anayebisha. Mpagazi alitwishwa risasi na unga, ratili 50 hivi, akavuka nao tope la Rufiji. Chakula chenyewe unga wa mahindi ambao mara nyingi haukuiva, kisha kuhara damu kukammaliza. Kwa makadirio ya wanahistoria, waliokufa upande wa Waingereza wanakaribia 100,000, wengi kupita kiasi kuliko waliobeba bunduki. Jeshi lile lisingemfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hata maili kumi bila wao.

Sanamu yenyewe, iliyosimamishwa 1927, ina maandishi yanayowataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa tamu. Majina sasa, hakuna hata moja! Ilipofika 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Hoja moja ya wapinzani inanipa taabu: kumwita askari wa Mfalme mtu aliyefungwa kamba na kuswagwa ni kama kumpamba mkoloni. Sawa. Ila angalieni "kibarua" ilimsaidia nani: aliyeitwa hivyo ndiye aliyezikwa porini bila alama, na jamaa wengi hawakuona hata mshahara wake.

Sasa mnaosema si askari, nijibuni: majina yanayopatikana leo kwenye nyaraka yaandikwe wapi? Pale pale Posta, kwenye ukuta wa peke yake Kariakoo, au yabaki kwenye makabrasha?